Mwalimu wa Nyuzi Zinazokimbia Maji

Mtu wa kwanza niliyemwona akila chakula cha jioni peke yake, mezani, na kitabu kimeegemezwa kwenye birika mbele yake, alikuwa mwalimu wetu wa sayansi. Kwetu Garissa mtu hali peke yake ila awe mgonjwa au amekosana na ndugu zake. Kwa hiyo nilipopita dirishani kwake nilidhani anaumwa, nikaingia kumpa pole. Alinitazama, akafikiri kidogo, akasema, "Asante, mwalimu. Ila siumwi. Nakula."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimpa pole asiyostahili, anakurudishia.

Mimi nilikuwa kijana niliyetoka kuajiriwa, nikifundisha jiografia katika shule hiyohiyo. Ni mzaliwa wa mji, na nyumba ya mama yangu ilipakana na nyumba za walimu waliotoka bara. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Upande mmoja walikuwa wenzetu waliotaka mkoa ujitenge ukaungane na Somalia, ndio walioitwa shifta. Upande wa pili ilikuwa serikali changa iliyokataa katakata. Katikati tulikuwa sisi wengine, tuliotaka tu barabara ifunguliwe sukari ifike. Walimu wa bara waliletwa na msafara wa malori yenye askari, na wengi wao walirudi na msafara uliofuata, wakisema wana mama mgonjwa. Yeye hakuwa na mama mgonjwa, au kama alikuwa naye hakusema. Alibaki.

Alikuwa wa nani na wa kijiji gani, sijui mpaka leo. Msomali akikutana na mtu huuliza kwanza ukoo, maana bila ukoo hajui aanzie wapi kukuheshimu au kukudharau. Mama yangu, ambaye sote tulimwita Hooyo, alimuuliza zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa lilelile: "Mimi ni mwalimu wa sayansi, Mama." Hooyo akasema basi, ukoo wake ni sayansi, na tukamwita hivyo.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo hadi kooni katika joto ambalo mbuzi walilikimbia. Alifagia uwanja wake kila asubuhi ingawa hakuna aliyekanyaga humo isipokuwa yeye na paka mmoja. Paka huyo alidai kumchukia. "Huyu ni mwizi," aliniambia, huku anammiminia maziwa kwenye kifuniko cha sufuria. Alisema pia kwamba upweke unamfaa, kwamba mtu anayesoma hahitaji kelele. Lakini alipika kila siku chakula cha watu wawili. Nilimuuliza kwa nini. Akasema sufuria yake haipiki kidogo. Niliiona sufuria yenyewe, ilikuwa ndogo kuliko kofia yangu.

Darasani alikuwa na neno moja: "Sema ulichoona." Mwanafunzi akisema maji yamechemka, anaulizwa ameona nini. Ameona mapovu. Basi aseme mapovu. Mmoja alichelewa, akajitetea kwamba ni kwa sababu ya askari. "Uliona nini?" Akasema, "Niliona askari njiani, nikasikia jasho mgongoni, nikarudi nyumbani, halafu nikaja tena." Mwalimu akasema, "Vizuri. Kaa chini." Sisi walimu wengine tungemchapa. Wanafunzi walimwiga kwa kumdhihaki, kila mahali ikawa "sema ulichoona", hata sokoni mbuzi akiuzwa. Hawakujua kwamba wanajifunza, na yeye hakujua kwamba anadhihakiwa. Au alijua akanyamaza. Kwake ilikuwa vigumu kutofautisha.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkaidi wa kukera. Ukimwambia "Leo kuna joto la kuua," anauliza limeua nani. Katika mkutano wa walimu alisahihisha hesabu ya mwalimu mkuu mbele yetu sote, kisha akashangaa kwa nini hakuletewa chai. Na kwa sababu ya tabia hiyo, walimu wenzake wa bara nao hawakumpenda. Wao walikuwa na ukumbi wao wa kunywea soda na kusikiliza redio, wakiongea lugha zao. Aliwahi kwenda huko, akamwambia mtu kwamba habari aliyoisimulia si ile iliyosemwa redioni. Hakualikwa tena.

Kafyu ilianza jua likikaribia kuzama. Kabla ya hapo mji mzima ulikimbilia ndani, kila mtu kwa wake, na milango ikafungwa. Sisi tulikuwa kama kumi katika vyumba viwili: tulibanana, tulikoroma, tuligombea mkeka. Ukutani kwa jirani ilisikika sauti ya mtu mmoja akisogeza kiti kimoja. Hooyo alikuwa akisikia kiti hicho na kusema, "Maskini." Ni neno ambalo mwalimu mwenyewe angelikataa.

Sasa niseme juu ya nyuzi, maana bila nyuzi hakuna mtu huyu.

Ilianza na sabuni. Misafara ilipokatika, sabuni ilikatika nayo, na mtoni hatukuruhusiwa kwenda ovyo, kwa hiyo watu walifulia maji ya kisima. Kisima chetu ni cha chumvi. Kipande cha sabuni kilichobaki kilifanya utando mweupe kama maziwa yaliyoharibika, na nguo zikatoka na madoa zaidi kuliko zilivyoingia. Wanawake walimlaumu mwenye duka. Mwalimu wa sayansi aliwaeleza wanafunzi kwamba mwenye duka hana kosa. Sabuni, alisema, ni vitu vidogo vyenye kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Chumvi ya kisima inakamata vile vichwa, na sabuni inakufa kabla ya kufanya kazi.

Kisha msafara mmoja ukamletea kifurushi. Alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kiwandani ng'ambo, nadhani rafiki wa pekee niliyewahi kumsikia akimtaja, na rafiki huyo alimtumia mfuko wa vipande vyeupe, laini, kama mshumaa uliokwanguliwa kwa kisu. Kwa wiki nzima hakuongea jambo jingine. Alichukua maji yaliyopoa, akayeyusha vipande hivyo, vingi, kwenye chupa. Akaizungushia kitambaa kibichi, akaitundika kwenye baraza ya shule penye upepo, ili ikae baridi. Na hapo ndipo mjomba wangu alipomkuta.

Mjomba huyo, kaka yake Hooyo, sisi tulimwita Abti, kama Msomali anavyomwita mjomba yeyote wa upande wa mama. Alikuwa mchunga ngamia, mzee mwenye ndevu alizozipaka hina, mbishi, mpenda chai. Serikali ilikuwa imewahamishia wachungaji wote kwenye kijiji kimoja kando ya mji, ndani ya uzio, ili shifta wasipate pa kula. Asubuhi aliruhusiwa kutoka, na akitoka alikuja kwetu. Siku hiyo alisimama barazani, akaitazama chupa, akamuuliza mwalimu kwa Kiswahili chake kilichogeuza p kuwa b:

"Hii chuba yako nanyongwa kwa kosa gani?"

Mwalimu hakucheka. Aliishusha, akaiinamisha, na maji ndani yakacheza. Akaivua kitambaa, akampa Abti aishike mkononi juani. "Sema unachoona," akamwambia. Abti alishika. Muda wa kunywa chai kikombe kimoja ukapita. Alipoiinamisha tena, maji hayakusogea. Yalikuwa yameganda kama ute, meupe-meupe, na angeweza kuipindua chupa juu chini bila tone kutoka. Akairudisha kwa mwalimu haraka, akafuta mkono kwenye kanzu. Maisha yake yote alikuwa ameona samli ikiyeyuka kwa joto na kuganda kwa baridi. Hii ilifanya kinyume.

"Hii ni dawa ya jini," alisema.

"Hapana, Mzee. Ni nyuzi."

Na akaeleza. Nilikuwepo, nami nilisikia maelezo hayo mara nyingi baadaye, kwa hiyo nadhani nayakumbuka sawasawa. "Chukua uzi mrefu," alisema, "mwembamba hata darubini ya shule haiuoni. Haukusokotwa kwa kitu kimoja. Ncha zake mbili ni za aina moja, zinapenda maji. Tumbo lake la katikati ni la aina nyingine, linakimbia maji. Na vimeunganishwa, haviwezi kuachana. Sasa utupe majini. Ncha zinataka kukaa, tumbo linataka kutoka. Utafanyaje?"

Abti alisema angekata uzi.

"Huwezi. Basi, nyuzi zikiwa chache, au maji yakiwa baridi, kila uzi unavumilia, unatangatanga peke yake. Lakini zikiwa nyingi, na maji yakipata joto, matumbo hayavumilii tena. Yanageukiana kwa ndani. Ncha zinabaki nje, zinayaelekea maji. Nyuzi nyingi pamoja zinafanya kidonge kimoja cha mviringo, ndani kukavu, nje kubichi. Kidonge hicho kinaitwa miseli. Vidonge vikijaa chupa nzima vinabanana, kila kimoja kimezuiwa na jirani yake, ndiyo maana hakuna kinachomwagika. Ukivipoza, vinavunjika, na kila uzi unarudi kutangatanga."

Abti alikaa chini. Nilijua dalili hiyo. Ilikuwa na maana kwamba ubishi umeanza.

"Kondoo," alisema. "Saa sita ya jua. Kondoo nakuja bamoja, kila moja naweka kichwa chini ya tumbo ya mwingine. Kichwa ndani, mkia nje. Jua nakwisha, kila moja nakwenda kula."

Sijawahi kumwona mwalimu akifurahi hivyo. Uso wake wote ulilegea. "Ni karibu sana, Mzee," alisema. "Ila kondoo akichoka anaweza kuondoka. Uzi hauna miguu."

"Kondoo yangu hawezi ondoka. Mimi nachunga."

"Na kondoo wanapendana. Nyuzi hazipendani. Hakuna kinachozivuta pamoja. Ni maji yanayozisukuma, maji yanapenda kushikana yenyewe kwa yenyewe, na kisichoshikana nayo kinasukumwa kando."

Abti aligeuka akatazama upande wa kijiji cha uzio. Kisha akasema, "Sisi huko kwa kijiji habana bendana, mwalimu. Sisi nasukumwa tu."

Mwalimu aliitazama chupa, akaizungushia tena kitambaa chake.

Siku hiyo Abti alimshika mkono akamleta kwetu kula. Hakumuuliza Hooyo. Alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye mkeka, akatuambia kwa Kisomali, "Huyu amekaa peke yake mpaka ameanza kuongea na chupa." Hooyo alileta sinia ya wali na nyama ya mbuzi, tukaizunguka. Mwalimu hakujua aanze wapi. Alikula polepole, akichukua tu kilichokuwa mbele yake, na alipopewa kipande cha nyama na Abti alikishika mkononi muda mrefu kama mtu anayepima uzito wake.

Baada ya hapo alikuja kila jioni kabla ya kafyu. Hakujialika, alisubiri aitwe. Alikaa uwanjani kwake na shati lake la vifungo, akijifanya anasoma, mpaka mmoja wetu apige kelele ukutani, "Mwalimu, chakula!" Ndipo anakuja haraka kuliko mtu mwenye heshima anavyopaswa kuja. Siku moja tulichelewa kumwita kwa sababu Hooyo alikuwa na wageni wa kike. Tulipomwita alikuwa amesimama tayari karibu na ukuta, na nadhani alikuwa amesimama hapo muda mrefu.

Abti alimfundisha Kisomali palepale kwenye sinia. Alianza na vitu vilivyokuwa mbele yao: nyama, maziwa, maji, mkono. Halafu kiu, njaa, mgeni. Mwalimu alijifunza lugha kama alivyofanya kila kitu, hakukubali neno mpaka ajue mpaka wake. Je, mgeni ni yule uliyemwalika au yeyote anayefika? "Yeyote anayefika," Abti alisema. Na adui akifika? "Akishafika kwangu na kiu ni mgeni. Akishakunywa akaondoka, tutajuana huko mbele." Baada ya miezi michache walikuwa wakibishana Kisomali, mmoja akiongea kama mshairi na mwingine kama kamusi. Mwalimu akaacha kusema Mzee. Akaanza kusema Abti, kama sisi. Hakuna aliyempa ruhusa, na hakuna aliyemkataza.

Malipo yake yalikuwa maajabu ya chupa. Aliomba manjano jikoni kwa Hooyo, akatia kidogo kwenye maji matupu: unga ukatuama chini, maji yakabaki machafu tu. Akatia kwenye maji ya nyuzi, akatikisa, yakawa ya njano angavu, unaona mkono wako upande wa pili. Hooyo akauliza unga umekwenda wapi. "Umeingia ndani ya vidonge, Mama. Na wenyewe haupendi maji. Umekaribishwa kwenye matumbo." Hooyo alisema ni kupoteza manjano, lakini aliwaita majirani waje kuona.

Nadhani ile ilikuwa miezi ya furaha katika maisha yake. Sisemi kwa kubahatisha. Alianza kupika chakula cha mtu mmoja asubuhi, na jioni hakupika kabisa. Paka ndiye aliyepata hasara.

Halafu ukaja msako. Watu walikuwa wameshambulia lori njiani, na asubuhi askari waliwatoa wanaume wote, wa mjini na wa kijiji cha uzio, wakatukalisha chini kwenye uwanja wa mpira juani. Walimu wa bara waliambiwa wasimame kando, kivulini mwa gari. Mkalimani wa serikali alikuwa amekwenda na msafara. Ofisa aliuliza nani miongoni mwao anajua Kisomali, na wale wenzake wa soda na redio wakamsogeza mbele.

Tuliulizwa mmoja mmoja. Kila mtu alijibu hapana: hakuona shifta, hakuwapa chakula, hakuwajua. Mwalimu alitafsiri hapana moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile ya darasani. Ikafika zamu ya Abti. Ofisa, mtu mnene aliyechoka, aliyekuwa akijifuta shingo kwa leso, akasema, "Muulize kama shifta walifika kwake."

Abti alisimama. Alijibu kwa Kisomali, kwa utaratibu, kama anayesimulia. Alisema vijana walifika kwake kabla hajahamishiwa kijijini, wana kiu. Hakuwauliza ni wa nani. Aliwapa maziwa wakanywa, wakaenda. "Na wewe," akamwambia ofisa, bado kwa Kisomali, "ukifika kwangu na kiu, nitakupa."

Kila neno la jibu hilo mwalimu alikuwa amelijifunza kutoka kinywani mwa mzee huyo, akila sinia moja naye. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilimwomba Mungu amfanye ayasahau yote. Angeweza kusema, "Anasema hapana." Wenye uwezo wa kumsuta tulikuwa sisi tulioketi chini tu, na hakuna ambaye angemsuta. Abti alikuwa akimtazama usoni na kusubiri, maana Kiswahili cha kusikia alikuwa nacho cha kutosha.

Mwalimu akasema, "Anasema walifika wakiwa na kiu, akawapa maziwa, hakuwauliza ni wa nani. Anasema nawe ukifika kwake na kiu atakupa."

Ofisa karibu atabasamu. Kisha akaonyesha lori kwa leso yake.

Nilimchukia siku ile. Sitatafuta neno laini zaidi. Jioni nilikwenda kwake, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa amekaa kitini, mikono juu ya magoti, chakula hakuna. "Niliulizwa amesema nini," alisema. Nikamwambia mtu mwenye moyo asingesema. Akasema, "Alikuwa ananisikiliza. Ningebadilisha, angesikia nikimfanya mwongo mbele ya watu wote." Baada ya muda akaongeza, "Sijui, mwalimu. Sijui kama ilikuwa hivyo au ni sababu niliyoipata baadaye."

Hooyo alikuwa mkali zaidi yangu. "Ulimi wa kila mtu huteleza," alisema. "Wake ulishindwaje, siku moja tu?" Akapiga marufuku aitwe. Jioni zilizofuata tulikula kimya, na upande wa pili wa ukuta tulisikia kiti. Kilisogezwa karibu na ukuta saa ile ya chakula, kikakaa hapo mpaka kafyu, kisha kikarudishwa. Watoto walimtazama Hooyo. Hooyo alitazama wali.

Mjini nako mambo yakawa hivyo. Watu wetu walimwita jasusi, na wale wa bara wakamshuku kwa kujua Kisomali kupita kiasi. Askari mmoja aliichukua ile chupa, akaogopa ni baruti, akaizika. Mwalimu aliendelea kufundisha. Alisema "Sema ulichoona," na hakuna mwanafunzi aliyerudia kwa mzaha tena.

Aliondoka na msafara, amehamishwa. Mimi nilikuwa nimetumwa kusimamia mtihani shule nyingine. Hooyo aliniambia baadaye kwamba alikuja mlangoni mchana, akabisha hodi, akabisha tena. "Nilikuwa nasali," Hooyo alisema. Nilipomuuliza alisimama hapo muda gani, alitaja muda ambao hakuna sala ya adhuhuri inayoufikia.

Amani ilipopatikana Abti alirudi. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hana, na ngamia wake wengi walikuwa wamekufa au kuchukuliwa. Alioga, akavaa, akakaa kwenye sinia, akatazama huku na huku. "Yule mwalimu wa chupa yuko wapi? Haji kula?"

Hooyo akamwambia huyo ndiye aliyemuuza. Abti aliweka chini tonge lake.

"Kwenye lori tulikuwa wengi," alisema. "Wengi wao walisema hapana. Walipakiwa vilevile. Jina la kila mtu lilikuwa limeamuliwa kabla hajafungua kinywa." Halafu akasema, akimtazama dada yake, "Mle gerezani niliulizwa mara nyingi, na kila mara waliandika walichotaka. Maneno yangu yalisemwa kama yalivyo mara moja tu. Mwiteni aje ale."

Tulimtafuta. Niliuliza ofisi ya elimu, nikauliza walimu waliohamia bara, nikauliza madereva wa malori. Lakini unamtafutaje mtu asiyetaja kijiji wala ukoo? Abti alisema "mwiteni" kwa miaka, mwanzoni akiwa na hasira, baadaye kama mazoea, na mwisho kama utani kila Hooyo alipopika nyama nyingi. Alifariki mwaka wa ukame mkubwa, nyumbani kwetu, akigombana na jirani kuhusu zamu ya kisima.

Nilikuwa nimestaafu nilipokwenda bara kutibiwa macho. Mji ni wa baridi, wenye ukungu, na hospitali ina benchi refu ambalo wazee husogea mmoja mmoja kuelekea mlango wa daktari. Nesi alimuuliza mzee mmoja kama anaona ukungu. "Sikusema ukungu," mzee akajibu. "Nilisema taa moja naiona mbili."

Nilisogea. Macho yake yalikuwa mabaya kuliko yangu, ilibidi nijitaje. Akanisalimu kwa Kisomali kilekile cha kamusi, "Ni amani?" Nikamjibu ni amani.

Tuliongea. Alifundisha mpaka alipostaafu, shule nyingi. Anaishi peke yake, nyumba si mbali. Aliniambia kwa shauku yake ya zamani kwamba nyuzi zile sasa zinatumika kubebea dawa: dawa isiyokubali maji inafichwa tumboni mwa miseli, inasafirishwa kwenye damu. Hata matone ya macho, alisema, kuna ambayo ni maji kwenye chupa na yanaganda yakipata joto la jicho. Alicheka kidogo. Kisha akaanza kuvuta kifungo cha shati lake.

"Mzee alifia wapi?" aliuliza. "Gereza gani?"

Alisema Mzee, si Abti. Nikafahamu kwamba amekaa na jambo hilo miaka yote hiyo, katika nyumba hiyo isiyo mbali, na hakuna mtu wa kumwambia. Nikamwambia. Nilimwambia juu ya lori na wale waliosema hapana, juu ya kurudi, tonge lililowekwa chini, na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza, maana kwa mtu huyu hakuna namna nyingine. Nilimwambia kwamba tulimtafuta.

Aliniachia niseme mpaka mwisho. Machozi yalimtoka kwenye macho yale mabovu na hakuyafuta.

"Alikuwa ananiita kula," alisema.

"Kila siku."

"Mimi nilidhani siwezi hata kupita njia hiyo."

Nesi aliita zamu yake. Hakusikia, au alisikia. Niliona anahesabu kitu moyoni, na nadhani ilikuwa zile jioni. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba asichostahili, "Na mahali pangu kwenye sinia, alikaa nani?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Lilikuwa neno jepesi, lingempa raha, na hakuna Abti wa kunisuta.

"Walikaa watoto wawili wa dada yangu," nikasema. "Wameshakuwa watu wazima. Bado wanakaa hapo."

Aliinamisha kichwa taratibu, akakubali. Nesi akaita tena. Nikamshika mkono kumwinua, na hakuuachia hadi mlangoni kwa daktari.